Maji Yaliyolala ya Prefe

Jumamosi, 1 Oktoba
Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana, kwa hiyo nafungua daftari kama kila mwaka. Masista walionifundisha cherehani walituzoesha kuandika siku zetu za masika. Wenzangu waliacha. Mimi nina kichwa kigumu, nimeendelea.

La leo ni hili: mkamwana wangu ameshuka kwenye pikipiki hapa Kasongo na ndoo ya samaki na mfuko wa mawe. Sufuria hana. Mwiko hana. Mawe anayo, tena ameyafunga katika kitenge cha harusi.

Yves, mwanangu wa pekee, alimuoa huko Kalemie alikokwenda kusomea uuguzi. Jina lake Sarah-Grâce. Baba yake marehemu alikuwa mpiga mbizi wa Ziwa Tanganyika, akikamata samaki wadogo wa rangi ambao wazungu huwaweka katika vioo kwa kuwatazama tu. Huyu wa kwenye ndoo ni wa mwisho aliyemkamatia binti yake. Raphaël, mwenye pikipiki, alipokuwa akifungua mizigo hakuacha kutikisa kichwa.

"Mama Yves, mi nimeshabeba mbuzi, nimeshabeba mabati, nimeshabeba hata mutu mugonjwa. Samaki muzima, bado! Toka Kabambare huyu bibi hakunywa mayi. Anasema mayi ya kwenye bidoni ni ya samaki."

Yves, aliyemleta, anarudi kesho Wamaza, ana kazi ya chanjo kule mpaka kiangazi. Amenivuta pembeni akaniambia wazi: "Mama, mukae naye hii mvua yote. Kama hamuwezi kukaa nyumba moja, kiangazi nitamurudisha kwao Kalemie, na mi nitamufuata." Ndivyo mtoto niliyemlea peke yangu alivyosema. Kwa hiyo nimepewa mtihani nyumbani mwangu, na mtihani wenyewe umekuja na samaki.

Jumatatu, 3 Oktoba
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimempa jembe. Amelima mstari wake wa karanga bila neno.

Seremala Ruphin amemtengenezea sanduku la vioo vya dirisha. Limewekwa sebuleni kwangu, pale nilipokuwa naweka vitambaa vya wateja. Mawe yameingia ndani, samaki amejificha nyuma yake.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimemuuliza kama amechoka. "Ndiyo, mama." Nimemuuliza kama hajachoka. "Ndiyo, mama." Nimemuuliza kama mboga yangu ya sombe ina chumvi nyingi. "Ndiyo, mama." Kidogo nimpige mwiko.

Jumapili, 16 Oktoba
Misa. Mvua. Hakuna jingine.

Jumatano, 26 Oktoba
Lazima niseme kweli, samaki ni mzuri. Si mkubwa kupita kidole changu cha kati. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, na kila pezi lina pindo jeupe linaloelekea buluu, jembamba, limenyooka. Nimeshona miaka mingi na sijawahi kupiga pindo kama lile. Mkia unaishia na nyuzi mbili ndefu zinazofuata nyuma. Anatembea kutoka kioo hadi kioo akikagua, kisha anageuka, na ndiyo maana watoto wa mtaa wamemwita Prefe, kwa kuwa mkuu wa shule yao hutembea hivyohivyo siku ya mtihani.

Jirani yangu Dieudonnée, anayeuza samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe, amekuja kumtazama akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Yves! Mi nabeba samaki kichwani toka Nyangwe, na weye umeweka moja ku kiti cha wageni! Mutamukula siku gani?"

"Siku utakayokuja na bugali," nikamjibu. Sarah-Grâce hakucheka. Alikuwa anamimina maji, kikombe kwa kikombe, kutoka juu, ili samaki apate hewa. Anafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufagia.

Jumamosi, 5 Novemba
Habari mbaya. Kipindupindu kimeonekana katika vijiji vya mtoni. Mimi ni reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaa, na tangu leo nimerudi kwenye kiti changu pale chemchemini, na sindano isiyo na ncha, ya kupimia dawa. Kila bidoni, dumu la maji, linalojazwa linapita kwangu nalitia dawa ya maji, ile klorini, kabla halijaondoka. La tajiri, la maskini, la Mkristo, la Mwislamu. Mwaka juzi kilipokuja mtaa wetu haukuzika mtu, na mwaka huu hautazika. Hilo ndilo jambo moja ninalojivunia waziwazi, Mungu anisamehe.

Sarah-Grâce alikuja na mabidoni yake mawili. Nilitia dawa. Aliiangalia ile sindano kwa muda, kisha akajitwisha.

Jumamosi, 12 Novemba
Leo ni salongo, usafi wa kila Jumamosi, nami reko sharti nianzie kwangu. Nimekuta nini nyuma ya nyumba? Mabeseni mawili ya maji wazi, juani, yamelala tangu juzi! Mimi ninayepita mlango kwa mlango nikiwafundisha watu kwamba maji yaliyolala huzaa mbu!

Nimeyamwaga yote. Kisha, ili asione nimemkasirikia, nikamsaidia: nimetoa nusu ya maji ya samaki nikamtilia maji mapya, safi, ya bidoni nililotia dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Samaki naye ana haki ya maji safi.

"Asante, mama," akasema. Nilipotoka alianza tena mchezo wake wa kikombe, na alimimina mpaka jua likaelekea kutua. Karanga zilikuwa zinangoja palizi.

Jumapili, 13 Novemba
Prefe hakagui. Ukingo wa mkia wake umekuwa mweupe.

Jumanne, 15 Novemba
Mvua kubwa. Mstari wa chemchemini ulikuwa mrefu, nimelowa.

Jumamosi, 19 Novemba
Salongo. Mabeseni yako palepale, yamejaa! Nimemwaga. Nimembadilishia samaki maji. "Asante, mama."

Jumatatu, 21 Novemba
Pindo la mkia limefumuka. Naandika kama mshonaji kwa sababu sina neno lingine. Kule mwisho pezi limechanika katikati ya mishipa yake, nyuzi zinaning'inia, na ule uzi mmoja mrefu umekatika. Mapezi ya kando nayo yana meno, utadhani panya amepita.

Kila mtu ana dawa yake. Dieudonnée anasema nifungue kidonge cha tetra, kile chekundu na manjano, nikitie majini. Seremala Ruphin anasema kioo kinamkata. Mmoja wa kanisani anasema ni jicho la wivu, na nimemuuliza ni nani Kasongo hii anayemwonea samaki wivu.

Sarah-Grâce hajibu mtu. Ametia chumvi kidogo, amepunguza chakula, ameondoa jiwe moja lenye ncha. Anayachota mabaki kila siku kwa kijiko.

Jumamosi, 26 Novemba
Salongo. Mabeseni tena. Huyu mtoto ni mkaidi kuliko nilivyodhani. Nimemwaga, nimemsaidia samaki wake, na safari hii nimetoa maji mengi zaidi kwa sababu anaumwa.

Jumatano, 30 Novemba
Prefe amelala chini, nyuma ya mawe ya ziwa lao. Mkia umebaki kisiki. Sarah-Grâce hali vizuri. Nilimwambia kwa utani, ili kumchangamsha, "Angalia vizuri, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako." Akainua macho akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akanitazama kabisa, halafu akainama.

"Ndiyo, mama."

Samaki akifa, najua mimi, huyu ataondoka. Si kwa hasira, ataondoka tu, kwa sababu hatakuwa na kitu cha kwao katika nyumba hii. Na Yves ataondoka nyuma yake. Mwezi wa kumi ningesema waende. Leo sijui ningesema nini.

Jumamosi, 10 Desemba
Malaria imeniangusha tangu Jumapili. Naandika mstari huu tu.

Jumamosi, 17 Desemba
Bado kitandani, lakini uji unapita. Ananipikia, ananiosha miguu, ananifunika. Mikono yake haina haraka. Leo salongo imepita bila mimi, nadhani mbu wamefanya sherehe.

Jumatano, 21 Desemba
Nimekaa sebuleni kwa mara ya kwanza. Dieudonnée amekuja kunipa pole na kunipa habari. Nilikuwa nimelala nikihangaika kwamba chemchemi haina mtu. Kumbe ilikuwa na mtu!

"Mukamwana wako! Alimuomba musimamizi wenu, akakaa ku kiti yako na sindano. Hakuna bidoni ilipita. Mume wangu Gaston alitaka kupita, akasema ana haraka. Unajua Gaston ni mutu mukubwa. Ule mutoto alisimama mbele yake, akainama, akasema, 'Pole, baba,' akatia dawa. Na yake mwenyewe alitia, Mama Yves. Mbele yetu."

Nilikaa nikamtazama Prefe. Alikuwa ametoka nyuma ya mawe. Na kwenye kile kisiki cha mkia nimeona, au homa inanidanganya, kitambaa kipya, chembamba, kisicho na rangi, unaona jiwe kupitia kwake.

Jumapili, 25 Desemba
Noeli. Tumekula wali na kuku. Yves amepiga simu kutoka Wamaza, mtandao umekatika kabla sijasema lolote la maana.

Jumamosi, 7 Januari
Nimepona, nimerudi kazini. Salongo. Mabeseni nimeyamwaga, nikambadilishia samaki maji kwa furaha ya kupona kwangu na kwake.

Jumapili, 8 Januari
Kile kitambaa kipya kimekwisha. Kimekuwa cheupe kikachanika.

Jumatatu, 9 Januari
Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mvua ilitufukuza chemchemini kabla ya saa nne. Nimeingia kwa mlango wa nyuma. Sarah-Grâce alikuwa anamimina kikombe, kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, na alikuwa analia bila sauti. Si kilio cha leo tu. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimelowa vilevile. Nilijua huyu mtoto hana neno jingine zaidi ya ndiyo, kwa hiyo nikamuuliza kwa njia ambayo ndiyo ingetosha.

"Sara, nilipokuwa mugonjwa, samaki alikuwa anapona?"

"Ndiyo, mama."

"Nimepona, ameanza tena?"

"Ndiyo, mama."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Ilikuwa inanuka ile dawa, kama inavyonuka kila siku, hata sabuni haiitoi.

"Ile dawa ya mayi, inachoma samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Ile mayi ya beseni, unaiacha ku jua kusudi dawa itoke?"

"Ndiyo, mama."

"Na mi naimwaga."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikakusanya nguvu.

"Ni mi namuua samaki wako?"

Aliweka kikombe chini. Nikaona anatafuta mlango wa kutokea, neno lingine lolote, akalikosa.

"Ndiyo, mama."

Nilipandisha sauti, siwezi kuficha. "Kwa nini haukusema? Toka mwezi wa kumi na moja namupiga samaki wako kila Jumamosi, na weye unasema asante! Asante ya nini?"

Hapo ndipo aliponiambia maneno mengi kuliko yote aliyonena tangu ashuke kwenye pikipiki. Mama yake alimuusia hivi siku ya kumuaga: kwa mama mkwe, mwaka wa kwanza, kinywa cha bibi harusi hakitamki hapana. Kila mara nilipomwaga mabeseni, alikuwa anajaza upya na kuanza kungoja upya. Kila mara niliposaidia, alikuwa anamimina maji kutoka juu mchana kutwa ili ile dawa itoke upesi, kabla haijamla samaki. Ule mchezo wake wa kikombe. Mimi nilikuwa nahesabu karanga.

"Lakini mi ndiye nakaa na sindano," nikasema. "Ungesema tu, mama, bidoni moja bila dawa, ya samaki. Nani angekukatalia?"

Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Mama, watu wangeniona. Wangesema mukamwana wa reko anakunywa mayi bila dawa, na sisi tunatiliwa. Kesho mutu mwingine angesema yake ni ya bata. Kesho kutwa ingine ya kufua. Kazi yako ingekufa."

"Na samaki yako je?"

"Samaki ni moja, mama."

Nimeinuka nikaenda chumbani nikafunga mlango, nikaona haya peke yangu kwa muda mrefu. Wale wanaojua kusema juu ya kujitolea, mimi nikiwa wa kwanza, wanasema kwa kipaza sauti. Huyu amefanya kimya, kwa kitu cha mwisho alichoachiwa na baba yake, ili kiti changu kisitikisike. Nilikuwa natafuta kosa lake tangu siku ya mawe, kumbe nimewekewa mtu mzima ndani ya nyumba.

Jumamosi, 14 Januari
Salongo. Mabeseni mawili yako juani, na juu yake nimefunga chandarua kizee, kimekazwa kwa mpira wa pikipiki. Jua linaingia, dawa inatoka, mbu atafute kwingine. Nimekishona mwenyewe pembeni, mshono maradufu.

"Ni muzuri?"

"Ndiyo, mama." Lakini safari hii alicheka.

Ijumaa, 20 Januari
Furaha imeniponza. Nilikuwa namsifu mkamwana wangu kwa Dieudonnée huku ananisuka. Nilisema yote: dawa, mapezi, kikombe, na jinsi alivyonyamaza. Nilitaka tu ajue nina mtoto wa aina gani.

Jumamosi, 28 Januari
Ulimi hauna mfupa. Sifa zangu zimetembea mtaani zikarudi na sura nyingine. Sasa wanasema dawa ya chemchemini imemkata samaki wa Mama Yves mkia, na kama inakata mkia wa samaki, itafanya nini katika tumbo la mtu? Leo mstari ulikuwa mfupi. Wengine wanateremka kijitoni, kule chini, wanakofua nguo na kuogesha mbuzi. Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Wananikaribisha, wananipa kiti, wananisikiliza vizuri, kisha wanakwenda kijitoni.

Alhamisi, 2 Februari
Gaston, mume wa Dieudonnée, amepelekwa kwenye mahema ya kipindupindu. Mtu mkubwa vile, wamembeba wanne. Alikuwa wa kwanza kuteremka kijitoni. Dieudonnée alipita mlangoni kwangu bila kunitazama, na mimi ndiye niliyefungua kinywa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimemwambia Sarah-Grâce kwamba nitaacha ureko. Hakusema ndiyo.

Jumamosi, 4 Februari
Baada ya salongo watu walikuwa wamekusanyika karibu na chemchemi, maana kila mmoja alitaka habari za Gaston. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu na sindano yangu. Mbele yangu hapakuwa na mstari. Mzee Amisi, anayeadhini msikitini hapa mtaani, alikuwa amesimama na bidoni tupu. Alinisemesha kwa upole, kama kawaida yake.

"Mama Yves, sisi hatukukatai. Lakini nyama ni nyama. Kama hii dawa inachoma nyama ya samaki, tumbo yangu itaogopa."

Wengine wakaitikia. Ndipo nikamwona Sarah-Grâce anateremka njiani. Kichwani bidoni la maji niliyotia dawa asubuhi nikafunga mwenyewe. Kifuani, katika mikono yote miwili, gudulia la kioo. Ndani yake Prefe.

Alitua mzigo. Akapiga goti mbele ya mzee Amisi, kama bibi harusi anavyopaswa, akaweka gudulia mbele yake. Nilijua jinsi anavyoogopa watu.

"Baba Amisi, huyu samaki ni wangu. Baba yangu alimukamata, halafu akafa. Kama kuna mutu wa kulalamikia ile dawa, ni mi. Mi silalamiki."

Akageuza gudulia ili kila mtu aone.

"Samaki anavuta pumzi ndani ya mayi. Mayi inapita hapa," akaonyesha kando ya kichwa cha samaki, "kwenye nyama laini, muchana na usiku. Baba, chumvi ya mboga inakuumiza?"

"Hapana, mwanangu."

"Na nikiitia ndani ya jicho?"

Mzee Amisi akaanza kutabasamu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eee, hapo sasa!"

"Prefe anakunywa mayi yenu hiihii. Imepita ku sindano ya mama kila siku. Tunaiacha ku jua tu, mpaka dawa imalize kazi na itoke. Mutazame mukia."

Wakainama mmoja mmoja. Kile kitambaa kipya kilikuwa kimerudi, kimevuka kisiki. Pembeni kabisa, pindo jeupe lilikuwa limeanza. Watu waliosema samaki anakufa walimwona anakagua gudulia, anageuka, anakagua tena.

Kisha Sarah-Grâce akafungua bidoni akajaza kikombe, kile cha kumiminia, akakipeleka kinywani. Hapo mimi, kichwa kigumu, sikuweza kujizuia. Kikombe kilikuwa kimebaki na maji ya gudulia! Nikapiga kelele mbele ya watu wote: "Suuza kikombe kwanza! Usafi ni usafi!"

"Ndiyo, mama."

Wote wakacheka, hata mzee Amisi, hata mimi. Akasuuza, akajaza, akanywa mpaka tone la mwisho. Hapakuwa na hotuba zaidi. Mzee Amisi akapeleka bidoni lake kwenye mfereji, likajaa, akalileta kwenye kiti changu akalifungua mwenyewe.

"Tia, Mama Yves."

Nikatia. Nyuma yake mstari ulikuwa umeanza kujipanga.

Jumamosi, 11 Februari
Gaston amerudi, amekonda, suruali anaishika kwa mkono. Dieudonnée ameleta samaki wa Nyangwe, mkubwa, wa kukaushwa, akamkabidhi Sarah-Grâce kwa mikono miwili. "Huyu wa kula," akasema. Kisha wamekumbatiana. Mimi nilipewa samaki mdogo na jicho kali, nikapokea vyote.

Jumanne, 7 Machi
Uvunaji wa mpunga. Mgongo.

Jumapili, 19 Machi
Nimemwambia mwaka wa kwanza mimi namfutia. Kinywa chake kina ruhusa. "Sema hapana, Sara. Sema tu, nisikie."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi, 8 Aprili
Nyuzi mbili za mkia zimerudi. Moja imepita nyingine kidogo, haikulingana kama zamani. Sarah-Grâce anasema pezi likiota upya huwa hivyo, linabaki na alama. Mimi naona hivi amependeza zaidi, lakini mimi si wa kuaminiwa tena katika habari za huyu samaki.

Reko wenzangu wa mtaa wa pili wamekuja kutazama chandarua juu ya mabeseni. Nimewaambia wamuulize mwenyewe. Amewaeleza kwa utulivu, nami nilikaa pembeni nikishona, nimejaa fahari kama niliyemzaa.

Jumatano, 3 Mei
Mvua zinapungua. Hakuna mgonjwa mpya tangu Pasaka. Mtaa wetu haukuzika mtu.

Jumamosi, 13 Mei
Yves amefika leo na Raphaël, vumbi mpaka kwenye nyusi. Vumbi! Kwa hiyo ni kiangazi.

Sikuwa nimelala vizuri. Nilimwona akimsalimia mkewe, akimsalimia Prefe kwa kugonga kioo, akala, akanawa. Kisha akavuta kiti na kuuliza mbele yetu sote wawili, bila kuzunguka, ndivyo alivyo, amenirithi mimi. "Mama, mulikaa vipi? Nimurudishe Kalemie?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Februari: mkono wake, goti lake mbele ya mzee Amisi, kikombe. Lakini nikaona kwamba si mimi wa kujibu. Huyu mtoto alipewa nyumba ngeni, mama mkwe mwenye sindano, na mabeseni yaliyomwagwa kila Jumamosi. Akitaka kwao, ana haki. Na tangu siku ya kwanza hajawahi kunijibu kitu kingine ila ndiyo moja. Niliogopa swali langu mwenyewe, lakini nikaliuliza hivyohivyo.

"Sara, mwanangu. Unataka kurudi kwenu?"

Alimtazama samaki. Alimtazama Yves. Kisha akanitazama mimi, kabisa.

"Hapana, mama."

Nilicheka na kulia pamoja, nikamshika mikono, na Yves akawa anatuangalia mmoja baada ya mwingine akiuliza kuna nini, mbona neno dogo hivyo. Hatukumweleza. Tulitoka nje, sisi wawili, tukaondoa chandarua, kwa kuwa maji ya Prefe yalikuwa yamelala vya kutosha.